Bushi ya Shangazi Mwamvua

Kila alipotoka shule, Swaumu alibadili sare, akala, kisha akaenda kwenye karakana ya shangazi yake, Mwamvua, kando ya barabara kuu ya Kibiti. Alifagia mabaki ya chuma, halafu akajifunza kunyoosha vipande kwa kuvisugua na tupa. Kila kipande alichomaliza, shangazi alikitazama mara moja tu na kukitupa kwenye pipa.

"Hiki chuma au muhogo uliotafunwa na panya?" aliuliza.

Shangazi Mwamvua alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Alijifunza kazi hiyo Dar es Salaam, katika chuo cha kiwanda ambacho sasa hakipo. Mashine za chuo ziliuzwa kama vyuma chakavu, na jengo likageuzwa ukumbi wa harusi.

"Pale tulipofundishwa kupima, leo wanakatia keki!" alisema na kusonya.

Aliwadharau waliofunga chuo. Aliwadharau wauza vipuri. Hata vijana waliokuja kuomba kufundishwa aliwadharau. Bushiri, aliyekuja mwisho, aliambiwa mikono yake inafaa kumenya vitunguu. Hakurudi tena.

Alhamisi moja alikuja Saidy, mwenye boti wa Nyamisati, na shafti, ule mtaimbo unaozungusha pangaboi, begani. Bushi ya boti yake, yaani kile kipande cha shaba ambamo shafti huzunguka, ilikuwa imelika. Kesho yake alikuwa na abiria wa kwenda Mafia.

Shangazi aliibana shafti kwa kipimo chake. Akakisogeza mbali na uso, kisha akakileta karibu.

"Milimita thelathini na nane," alisema.

Swaumu, aliyekuwa ameishikilia shafti kando yake, aliona wazi kuwa ni thelathini na sita. Akafungua mdomo. Akalitazama pipa, akaufunga.

Mashine ikanguruma. Bushi ilipokuwa tayari, Saidy alichomeka shafti, akaitikisa.

"Fundi, mbona inacheza?"

"Inacheza machoni mwako. Wewe jua kamba na mikoko, vyuma niachie mwenyewe."

Saidy akaanza kufunga mzigo kwenye pikipiki yake. Swaumu aliwawaza abiria katikati ya bahari, maji yakipenya pale penye shafti, akina mama wakiwakumbatia watoto wao.

"Shangazi, ni thelathini na sita."

Shangazi aligeuka taratibu. "Nani kasema?"

"Mimi. Niliona tangu mwanzo, nikaogopa."

"Tupa yenyewe imekushinda, leo unanisomea kipimo?"

Swaumu aliichukua shafti kutoka kwa Saidy, akaibana upya kwa kipimo, akamnyooshea shangazi. "Basi kisome tena, shangazi. Tafadhali."

Shangazi alikitazama kwa mbali, akakitazama kwa karibu. Akakifuta kwa kanga yake, akatazama tena. Saidy aliinamisha kichwa ili asimwaibishe.

"Sioni," shangazi alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Swaumu hakuwahi kuisikia. "Mwaka mzima nakisia."

Akachukua kipande kingine cha shaba. Safari hii Swaumu alisoma, shangazi akakata.

"Soma. Soma tena! Usinisomee kama anayekisia bei ya dagaa."

Saidy alipochomeka shafti, ilizunguka bila kucheza. Akaondoka akicheka, na kesho yake jioni akapiga simu kusema wamefika Mafia salama.

Wiki iliyofuata shangazi alikwenda hospitali kupimwa macho, akapewa miwani. Kisha akaenda nyumbani kwa kina Bushiri. "Mikono yako bado mibaya," alimwambia, "lakini njoo. Ubaya wake ni kazi yangu kuutoa."

Jioni hiyo alimketisha Swaumu kwenye benchi.

"Nilikitukana kile chuo kwa kufunga mlango," alisema, "kumbe na mimi nimeufunga wangu kwa mdomo. Nimewatisha wote, mpaka aliyeona kosa langu akaogopa kusema. Wewe ulichelewa kusema, na hilo ni kosa. Lakini ulisema kabla mtu hajadhurika. Ukiona kipimo si sahihi, sema hapo hapo, hata kama aliyepima ni mimi, na hata nikikutukana. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Haya, chukua tupa. Muhogo wako wa jana ulikuwa umepinda."