Ekzosi ya Munguti

Asubuhi ya Jumatano, mzee Kisemei alipatikana amelala kando ya barabara ya Namanga, kati ya Kitengela na Kajiado, mguu umevunjika na kichwa kinavuja damu. Pikipiki ilikuwa imemgonga na kutoroka. Polisi walipofika, mzee alikuwa ameshapelekwa hospitali, lakini hapo hapo kwenye nyasi ilisimama pikipiki nyingine isiyo na ekzosi, yaani bomba la moshi, na hatua chache kutoka hapo kulikuwa na ekzosi iliyopinda. Mwenye pikipiki hiyo, Munguti, aliporudi kuichukua, polisi walimtia pingu.

"Si mimi nilimgonga, afande," alimwambia Koplo Mutindi, mpelelezi wa kituo cha Kitengela. "Nilimkuta amelala. Nikasimamisha gari lililokuwa likipita, nikapanda naye nyuma nimemshika kichwa mpaka hospitali. Pikipiki niliiacha ikiwa na ekzosi yake."

"Na hii iliyopinda ni ya nani?"

"Sijui. Yangu ilikuwa imeliwa na kutu. Hata kuna fundi wa Kajiado aliiziba tundu kwa shaba hapo chini."

Wenzake Mutindi walicheka. Nani aibe ekzosi iliyooza? Lakini yeye alichuchumaa kando ya ile pikipiki. Nati za kushikilia ekzosi zilikuwa nyekundu kwa kutu. Akaiinua ile iliyopinda: matundu yake ya nati yalikuwa safi, yanang'aa. Vyuma hivi havikuwahi kukaa pamoja.

Kwa hivyo aliyemgonga mzee alirudi, akakuta pikipiki ya aina kama yake imeachwa peke yake, akabadilisha. Sasa alikuwa akizunguka na ekzosi ya kutu, na mtu kama huyo angetaka kuisafisha haraka.

Siku ya Ijumaa Mutindi alianza kupita kwa mafundi wa pikipiki wa Kitengela. Wa tatu alikuwa Caro.

"Ndiyo, jana nilisafisha moja," Caro alisema. "Ilikuwa mbaya! Nilichoma masizi ya ndani, nikasugua kutu kwa brashi ya waya, halafu msasa, halafu rangi nyeusi ya kuvumilia moto. Jamaa aliniambia nisage kiraka cha chini kiishe. Nikakataa, bati lilikuwa jembamba, lingetoboka. Nikapaka rangi juu yake tu."

"Jamaa gani?"

"Peterson, wa steji ya bodaboda hapo mbele. Yule wa pikipiki inayong'aa siku zote."

Peterson alikuwa anapangusa tangi Mutindi alipofika.

"Ekzosi nzuri," Mutindi alisema. "Umeinunua lini?"

"Ilikuja na pikipiki, afande. Sijawahi kuibadilisha."

"Washa injini."

Aliiwasha. Baada ya muda mfupi harufu kali ya rangi mbichi ikapanda. Waliokuwa stejini wakaanza kusogea karibu.

"Niliipaka rangi tu. Ni makosa?"

"Si makosa. Zima."

Mutindi alisubiri ipoe, akainama, akakwaruza upande wa chini kwa ufunguo. Chini ya weusi ukatokea mstari wa shaba, wa manjano.

"Hii ilizibwa Kajiado, Peterson. Na si kwa ajili yako."

Peterson alikaa chini kwenye vumbi. "Nilikuwa nashindana na mwenzangu. Mzee akatokea na mbuzi wake. Niliogopa kufungwa. Niliporudi kumsaidia nikakuta ameshapelekwa, na pikipiki iko hapo... Ekzosi yangu ilikuwa imepinda, na nilijua mtamshika kwanza mwenye pikipiki iliyoharibika."

"Na Munguti angefungwa kwa kumsaidia mtu."

Peterson aliinuka. Alinyoosha mikono, akatiwa pingu.

Jioni hiyo Mutindi alimpeleka Munguti hospitalini Kajiado. Mzee Kisemei alikuwa amezinduka mchana huo, mguu umefungwa plasta.

"Ni huyu?" aliuliza. "Walinieleza ati amenigonga. Nikawaambia aliyenigonga alikimbia. Huyu alinishika kichwa kama mama."

Akamwambia ainame. Munguti akapiga magoti kando ya kitanda, na mzee akatema mate kidogo kwenye viganja, akaviweka juu ya kichwa chake, akimbariki kwa kunong'ona jina la Enkai, Mungu wa Wamaasai. Munguti akalia. Siku zote mbili za seli hakuwa amelia.

"Ashe oleng, mzee," alisema, akimshukuru kwa Kimaa cha kuokoteza.

Kisemei akacheka, akashika mbavu zilizomuuma.

"Kijana, hilo ni neno langu. Niachie niliseme mimi."