Pikapu Haikutoka Kikatiti

Soko Kuu la Arusha lilikuwa limefurika watu mpaka barabarani Ijumaa ile Anande alipokaribia kumgonga Sadoki. Fundi wa watu alikuwa anavuka na ekzosi begani. Pikapu nyeupe ikaja, ikafunga breki, ikatetemeka mwili mzima kama mwenye homa, ikasimama karibu kabisa na goti lake. Kwenye usukani alikaa dada mmoja mweusi wa kung'aa, gauni la kitenge cha njano, nywele kasuka mistari membamba iliyokimbilia kisogoni. Alishusha kioo.

"Kaka, umeumia?"

"Mimi mzima. Mgonjwa ni gari lako. Ukikanyaga breki usukani unacheza, sivyo?"

"Unacheza mpaka mikono inaingia ganzi. Umejuaje?"

"Nimeona tairi za mbele zinavyotikisika. Diski zimepinda. Lilete gereji, mtaa wa Unga Limited, uliza Sadoki."

"Kwa hiyo kila anayetaka kukuua unampa miadi?"

"Akiwa mzuri hivi, nampa hata ya kesho asubuhi."

Anande akacheka, magari ya nyuma yakampigia honi, naye hakuyajali. Kesho yake asubuhi alikuwa gereji.

Sadoki alizipeleka diski kukerezwa zikawa bapa, akazirudisha, akasema lazima gari lijaribiwe. Likajaribiwa mpaka Tengeru, likajaribiwa mpaka Usa River penye samaki wa kukaanga, na kila jaribio lilikuwa refu kuliko lililotangulia. Baridi ya Julai ilipoingia, Anande, Mchaga wa Machame mwenye duka la nafaka Kilombero, alikuwa mchumba wa mtu.

Posa ilipokelewa vizuri pande zote. Babake Sadoki, Mzee Sumari, Mmeru mrefu mwembamba, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa chama cha msingi cha kahawa kule mlimani, hakuwa mtu wa kumpenda mgeni ovyo. Lakini mkwe huyu alimpenda tangu siku ya kwanza. Matangazo ya ndoa yakaanza kusomwa kanisani. Husomwa Jumapili tatu, na mwenye pingamizi husema. Mbili zikapita salama.

Tatizo ni kwamba breki zilikuwa zimeanza tena.

Mara ya kwanza Sadoki aliwalaumu waliobadilisha tairi kwa kukaza nati upande mmoja. Mara ya pili alifunga diski mpya kabisa, akasugua kutu yote pale zinapokalia, akakaza nati kwa kuvuka, hii na ile inayoitazama. Hakukuwa na sababu iliyobaki. Hata hivyo pikapu ikarudi, usukani unacheza vilevile.

"Mchumba wako anazitafuna?" akauliza Solomoni, fundi mwenzake.

Sadoki hakujibu. Alikuwa amefungua tairi, na diski zake mpya zilikuwa na madoa ya buluu. Chuma hakipati rangi ile kwenye lami iliyonyooka. Hupata kwenye mteremko mrefu, kuna mzigo nyuma na mguu umelalia breki njia nzima. Na hupinda kikimwagiwa maji baridi kabla hakijapoa. Sasa Anande alikuwa akisema safari zake ni za Kikatiti, kununua maharage. Kikatiti iko kwenye barabara ya Moshi, lami tupu, hata mtoto wa shule anajua.

Akafungua mlango wa abiria. Kiti, ambacho Sadoki hakuwahi kukikalia maana akiwemo huendesha yeye, kilikuwa kimesogezwa nyuma mpaka mwisho, kama kwa mtu mwenye miguu mirefu. Akamwita Solomoni aone.

"Labda alibeba ngazi," akasema Solomoni.

"Ngazi haikai kwenye kiti."

Wivu wa fundi ni mbaya kuliko wa mtu mwingine, maana yeye ana ushahidi. Usiku huo Sadoki hakulala. Alimtengeneza kichwani mwanamume wa kiti kile kipande kwa kipande: mrefu, ana nyumba mlimani, amevaa koti la ngozi, anacheka na Anande huku gari linashuka. Kufikia alfajiri alimchukia kama amemjua miaka.

Mchana alikwenda kwenye simu ya kulipia jirani na gereji, akampigia. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuzagaa mjini, na ya Anande ilikaa mkobani ikiwa imefungwa kwenye leso.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Natoka Kikatiti, fundi wangu. Umenikumbuka eeh?"

Nyuma ya sauti yake maji yalikuwa yanamwagika, na kuna kitu kilikuwa kinachemka, tshii, kama karai la moto.

"Nini hicho kinalia?"

"Naosha gari. Si unapenda wanawake wasafi?"

"Uko na nani?"

Maji yakaacha kumwagika. "Peke yangu, Sadoki. Niwe na nani?"

Maji yale kunyamaza ndiko kulikommaliza. Alimsubiri dukani kwake, na alipoingia na kikapu mkononi, wateja wakiwa wamejaa, hakungoja hata salamu.

"Njia ya mwongo ni fupi, Anande. Pikapu hii haikutoka Kikatiti. Unapanda mlimani. Kuna mwanamume anakaa kiti cha mbele, na miguu yake ni mirefu. Nani huyo?"

Mama aliyekuwa anapimiwa mchele akasahau mfuko wake. Anande aliweka kikapu chini taratibu.

"Tuzungumze ndani."

"Nijibu hapahapa. Unapanda, hupandi?"

"Napanda."

"Kwa nani?"

Akafungua mdomo aseme, akaufunga. "Siwezi kukwambia."

"Basi mimi siwezi kuoa mwanamke wa watu wawili. Tangazo la tatu halisomwi."

"Sadoki, ukitoka hapo kwenda kusema hivyo, utajuta."

Hasira hasara, lakini hasara huja baadaye. Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji, akasema ana pingamizi dhidi ya ndoa yake mwenyewe. Mchungaji akavua miwani, akamtazama, akamuuliza kama amekula.

Angeishia hapo angekuwa na nafuu. Lakini mwenye wivu hataki tu kuachana na mtu, anataka kumwona adui yake. Ijumaa ya wiki ileile akaazima pikipiki ya Solomoni, akajificha nyuma ya kibanda cha ndizi karibu na Makumira. Pikapu nyeupe ikapita, ikaacha lami, ikaanza kupanda kwenye udongo mwekundu katikati ya migomba na mibuni. Akaifuata kwa mbali, roho juu. Ikapita kanisa. Ikapita ofisi ya chama cha kahawa. Kila kona aliyoikata aliifahamu, na hilo lilimtia hofu mpya. Hatimaye pikapu ikaingia kwenye ua ambamo yeye alizaliwa.

Alizima pikipiki, akaingia kwa miguu. Nyuma ya nyumba Anande alikuwa ameshika ndoano ya mizani, amevaa sweta la kijivu na viatu vya mvua. Mbele yake, amejitwika gunia la kahawa begani, alisimama Mzee Sumari, mwenyekiti, mtu aliyekuwa akisema kila mkutano kwamba anayewauzia wanunuzi binafsi amewauza wenzake.

"Shikamoo, Baba," akasema Sadoki. Sauti ilitoka yenyewe.

Mzee alishusha gunia. "Marahaba."

Kisha mzee akakaa juu ya gunia lile, magoti yake marefu yakapanda juu.

"Serikali ilipofungulia biashara nilisimama mbele ya watu nikawaambia tusikivunje chama. Wakanisikiliza. Lakini chama hulipa kwa kuchelewa, na harusi yako haingoji vikao vyake, mwanangu. Nikamwuliza huyu kama anamjua mnunuzi binafsi. Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote, na wewe kuliko wote."

"Kwa nini mimi kuliko wote?"

"Kwa sababu wewe ndiye unayenisifu."

Sadoki akageukia pikapu. "Nani anakaa kiti cha mbele?"

"Mimi. Nilishuka naye ghalani kwa mnunuzi kuona wanavyopima. Kiti chenyewe kilikuwa kinaniminya."

Sadoki akatazama miguu ya babake, miguu ileile aliyorithi, akaona aibu iliyomwanzia masikioni.

Anande akatundika ndoano. "Umesimamisha tangazo?"

"Nimesimamisha."

"Umefanya nini?" mzee akauliza, akainuka.

"Baba, niachie mimi," akasema Anande. Macho yalikuwa yamemjaa machozi lakini sauti ilikuwa kavu. "Ulinitukana mbele ya wateja wangu. Neno moja tu ningesema, ungepiga magoti palepale. Nililiona neno lenyewe mdomoni mwangu. Nikakumbuka si langu."

"Nisamehe, Anande."

"Siyo hapa. Utakuja dukani, uniombe radhi mbele ya watu walewale. Na sababu hutaitaja."

"Watasema nimelogwa."

"Waseme. Mimi wamenisema wiki nzima."

Sadoki aliinamisha kichwa. Alimpenda kuliko siku zote, na alijua kwamba hastahili. "Nitakuja."

Walishuka pamoja jioni, yeye kiti cha abiria, kahawa na pikipiki ya Solomoni nyuma. Mteremko ulipoanza Anande akakanyaga breki akauacha mguu hapo.

"Weka gia namba mbili," akasema Sadoki taratibu. "Ondoa mguu, injini yenyewe italizuia. Na usilimwagie maji likiwa la moto."

"Ningerudi na udongo mwekundu ungejua nimetoka mlimani."

"Ndiyo."

"Na hii gia, mbona hukunifundisha siku zote?"

"Ulisema unakwenda Kikatiti."

Anande aliuma mdomo asicheke, akashindwa, kisha akanyamaza tena, maana alikuwa bado amekasirika.

Radhi iliombwa Kilombero, wateja wakasema waliyosema. Jumapili mchungaji akaanza upya, tangazo la kwanza. Akasoma majina mawili, akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Kanisa zima likageuka kumtazama bwana harusi. Kwenye benchi la wazee Mzee Sumari aliinama, akawa anakagua kofia yake.

Sadoki akasimama, ingawa hakuna aliyemwita.

"Mchungaji, sina. Nilikosea mimi."

Watu walingoja aendelee, aseme alikosea nini. Anande naye, upande wa wanawake, alimkazia macho akingoja. Sadoki akafunga mdomo, akakaa. Hapo ndipo Anande alipotabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya dukani.