Jina Lililofunga Bao

Refa Odero alikuwa amekaa sakafuni, damu ikimchuruzika usoni, na padi ya kuchezea iliyompasua nyusi ilikuwa kando ya mguu wake. Ilikuwa Jumamosi alasiri, fainali ya kandanda ya kompyuta katika ukumbi wa Gitonga, Kitengela. Parsaoti, aliyeirusha padi hiyo, alisimama palepale. Kipindi cha kwanza kilikuwa bado hakijaisha.

Na hapo ndipo penye mambo. Siku hizi watu hawabeti tu nani atashinda. Kuna kampuni ya kamari iliyogundua kwamba hasira nazo zinauzika: mchezaji fulani atatukana? Atapiga meza? Atarusha kitu kabla ya mapumziko? Parsaoti, kijana wa Kajiado mwenye kichwa moto, alikuwa kipenzi cha wacheza kamari wa namna hiyo. Asubuhi ya fainali mtu aliweka dau nono kwamba atarusha padi mapema, na dau lilitoka kwenye simu ya Parsaoti mwenyewe.

Chama cha mchezo kikasema ameuza hasira zake. Kingekutana Kajiado Jumatatu mchana kumfungia maisha, na Inspekta Phylis Mwelu wa kituo cha Kitengela alipewa kesi hiyo Jumatatu asubuhi, kana kwamba ukweli huchemka haraka kama chai.

Parsaoti hakumsaidia hata kidogo. Alisema Maweu, mpinzani wake, alipofunga bao, skrini iliandika jina la mfungaji, na jina lile halikufaa kuandikwa. Kuhusu simu, alisema huiacha ovyo kwenye kambi ya timu na wenzake wote wanaijua namba yake ya siri.

"Jina gani?" Mwelu aliuliza.

"Andika unachotaka, madam. Hilo jina sitalisema."

Jina lenyewe Mwelu alikuwa nalo, kwa sababu Odero hupiga picha ya skrini kila bao linapoingia. Lilikuwa jina la Kimaasai, la kawaida tu. Mchezo huo unamruhusu yeyote anayeandaa mashine kubadili jina la mchezaji wa timu ya kwenye skrini, na asubuhi ile mashine iliguswa na watu watatu: Gitonga mwenye ukumbi, Maweu, na Dennis, mchezaji wa akiba wa timu ya Parsaoti. Mwelu aliwaita mmoja mmoja. Pembeni ya ofisi, kwenye benchi, aliketi Rebecca, mama yake Parsaoti. Alikuwa amekataa kwenda nyumbani bila mwanawe aliyeshikiliwa kituoni, na Mwelu hakuwa na moyo wa kumfukuza.

Maweu aliingia na wivu wake bila kuufunika. Alilalamika kwamba hata akishinda, watu humuuliza Parsaoti yuko wapi. Mwelu akamsogezea picha na kumwomba asome kilichoandikwa. Maweu akalisoma jina kwa sauti, bila kusita, akauliza kama ni mchezaji wa nchi gani. Kwenye benchi, Rebecca akajifunika uso kwa shuka alilojitanda.

Gitonga naye alikuwa na donge lake. Ukumbi ni wake, jasho ni lake, lakini mji mzima unauita ukumbi wa Parsaoti. Alikiri kwamba alishaapa kumnyoosha. Alipopewa picha alilisoma jina mara mbili, na mara zote mbili akaliharibu. Rebecca akainuka akatoka nje.

Mwelu alimfuata. Mama yule alisema hilo ni jina la kifungua mimba wake, aliyekuwa akisoma Loitokitok na ndiye aliyemfundisha Parsaoti mchezo huu. Alikufa kwa ajali ya pikipiki.

"Jina lake lilienda na yeye," alisema. "Kwetu hatulitaji tena. Maboma mengi wameacha hiyo, sisi hatujaacha."

Mwelu aliona haya kwa kumsikilizisha yale yote. Hata hivyo alimwomba arudi ndani, wakati huu kwa makusudi.

Dennis alipoingia alimwinamishia Rebecca kichwa naye akakigusa. "Takwenya, yeyo," alimsalimia mama kwa Kimaasai, naye akaitikia, "Iko." Kijana alieleza kwa adabu kwamba yeye ni wa Tuala, kwamba yeye na Parsaoti walijuana hapa Kitengela tu, na kwamba hakujua kama aliwahi kuwa na kaka. Mwelu akampa picha. Dennis akasoma dakika, akasoma mabao, akasoma majina ya timu, kisha akanyamaza.

"Na hapa?"

"Hapo ni jina la mfungaji."

"Lisome."

Dennis alimtupia Rebecca jicho. "Si unaliona, madam."

"Naliona. Maweu amelisoma, Gitonga amelisoma mara mbili. Kwao ni jina kama majina mengine. Wewe hujui mtu wa nyumba hii, mbona linakushinda?"

Mwelu hakumpa nafasi ya kupumua. Alimwambia kwamba aliyeandika jina lile alijua ni la marehemu, na kwamba kambini yeye na Parsaoti wanalala chumba kimoja, ilipo ile simu. Pesa za kamari ziliingia kwa Parsaoti, kwa hiyo mtu huyu hakutaka pesa. Alitaka Parsaoti aanguke.

"Mimi ni wa Illasit, huko karibu na Loitokitok," Dennis alisema mwishowe. "Nilisoma na kaka yake. Hiyo chenga ya kushoto watu wanapigia kelele ni yangu, mimi ndio nilimwonyesha. Parsaoti kila akihojiwa ni kaka yangu, kaka yangu. Na huyo kaka alifunzwa na nani? Mimi niko tu kwa benchi, naangalia akishangiliwa na kitu yangu. Nilimwonea wivu mpaka chakula ikanishinda."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilitaka anijue mwenyewe. Akiniona nikicheza."

Rebecca alimtazama. Huruma na uchungu vilikuwa vikigombana usoni mwake.

"Kijana yangu alikuwa anasema kuna rafiki wa Illasit," alisema. "Alikuwa anakuita mwalimu tu. Baada ya mazishi Parsaoti alienda huko kukutafuta, akaambiwa ulihama."

Mwelu alikipigia simu chama kule Kajiado kusema kwamba kijana hakuuza hasira zake, ingawa nyusi ya Odero bado angeijibia. Kisha akamwita Parsaoti. Mama yake akamweleza kwa maneno machache ni nani aliyeandika jina lile, na kwamba ndiye yule mwalimu wa Illasit.

Mwelu alisogea karibu, tayari kumshika. Parsaoti hakuinua hata mkono.

"Ile nafasi ya akiba nilikuwa nimemwekea yule mwalimu," alisema polepole. "Nilipomkosa ndio nikampa Dennis."

Dennis aliweka kichwa mezani akalia, na Mwelu akangoja amalize ndipo amfunge pingu.