Kandambili za Waziri

Jumatatu asubuhi, kabla hata chai haijapanda ghorofani, Waziri alifungua kabati la chuma nyuma ya kiti chake, akaingiza mkono na kutoa hewa. Mkoba wa makabrasha ya Baraza la Mawaziri haukuwemo. Akachuchumaa, akachungulia chini ya meza. Ndipo korido nzima ikaisikia ile sauti iliyozoea kuhutubia umati ikilia kama ya mtoto aliyenyang'anywa mpira:

"Hata kandambili zangu?"

Inspekta alipofika aliwakuta askari wake wawili wameelekea ukutani, mabega yakitikisika. Aliwakata jicho wakanyamaza. Yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kucheka. Alikuwa amesukwa Jumamosi, nywele zimekazwa barabara, na kila alipoinama kukagua kabati kichwa kilimvuta kana kwamba kuna mtu nyuma yake anamwambia, geuka basi, useme ukweli.

Kitasa kilikuwa kizima. Kabati lilifunguliwa kwa ufunguo na kufungwa tena kistaarabu.

"Inspekta," Waziri alisema, akijifuta jasho la shingo, "saa tisa Baraza linakaa. Nikiingia mikono mitupu, nimekwisha. Mwenzangu mmoja alipoteza karatasi moja tu, leo analima nyanya."

"Funguo ziko ngapi, Mheshimiwa?"

"Tatu. Wangu, wa Naibu, na wa Mama Mhazili."

Mhazili mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, mwanamke mzito, mpole, ambaye ghorofa nzima ilimwita Mama. Vikombe vilikuwa vikigongana. Inspekta aliona, akadhani ni hofu ya kawaida. Askari akiingia ofisini, hata asiye na kosa hujikagua.

Alianza na Dereva, aliyekuwa ameegemea gari la bendera uani.

"Ijumaa ulimpeleka Mheshimiwa nyumbani na mkoba?"

"Mkoba wa Baraza haulali nyumbani, Afande. Unalala kabatini. Nimeendesha mawaziri watano, huyu wa sita, na hakuna aliyewahi kulala nao."

"Na kandambili?"

Dereva akacheka kwa pua. "Mheshimiwa miguu inamvimba. Juu ya meza suti, chini ya meza kandambili. Wageni wakubwa wamekaa pale wakapiga naye picha, hawajui."

"Wewe unacheza mchezo wa viti?"

Kicheko kikakatika. Mchezo wa viti ulichezwa saluni, ng'ambo ya barabara: watu waliweka dau kubashiri waziri gani ataondolewa kwanza, na aliyepatia aligawana na wenzake waliopatia. Serikali iliupiga marufuku, na nusu ya serikali iliucheza.

"Nani hachezi, Afande?" Dereva alisema taratibu, akimtazama nywele.

Inspekta akajifanya hakusikia. "Umemtaja nani?"

"Waziri wa Barabara. Kwa hiyo wangu akianguka leo, mimi nimeliwa. Tena huyu akienda nani atanivumilia na kukohoa kwangu? Wakianguka hawarudi hata kuaga, aibu. Mama Mhazili ndiye huwafungashia vitu vyao, picha za watoto, miwani, nami napeleka majumbani. Wengine wanakataa hata kupokea. Masanduku yao yako stoo, yanakula vumbi."

Naibu Waziri alimpokea akiwa ndani ya suti mpya, lebo bado inaning'inia kwenye mkono.

"Najua unachofikiria," alisema kabla hajaulizwa. "Ijumaa nilichelewa kutoka, ufunguo ninao, na kiti kile nakitamani. Sikatai. Lakini mkoba ukipotea, ofisi nzima imezembea, na Baraza halichambui nani na nani. Yule aliyepoteza karatasi akaishia kulima nyanya, unadhani alikwenda peke yake? Naibu wake ndiye anayebeba maji ya kumwagilia."

"Na suti?"

"Mtu hanunui mwavuli siku ya mvua, dada." Akatabasamu. "Kichwa kimependeza. Kwa Kipara, siyo? Nasikia pale hausukwi nywele tu."

Inspekta alitoka akiwa ameloa jasho mgongoni. Dereva angepoteza dau, Naibu angepoteza kazi. Ulibaki ufunguo mmoja. Lakini kilichomsumbua zaidi ni zile kandambili. Mwizi wa makabrasha ana haja gani na kandambili zilizolika visigino? Na mwizi wa kandambili atabebaje siri za nchi?

Akavuka barabara.

Msusi wa saluni ile aliitwa Kipara kwa sababu yeye mwenyewe alinyoa akang'arisha. Alidai fundi seremala naye halali juu ya meza. Alikuwa na vichwa vitatu vinasubiri na mdomo mmoja haupumziki.

"Karibu dada! Zimekulegea?"

"Zinaniua. Njoo huku nyuma." Walipokuwa peke yao kwenye kichumba cha masinki, akauliza, "Watu wamemtaja nani safari hii?"

"Si yule wa ng'ambo? Mama Mhazili ndiye aliyesema. Na yule mama, wallahi, hajakosea hata mara moja. Anatazama tu: simu zimepungua, wageni wamepungua, basi anakuambia mtu huyu anaondoka. Mtaa wote umemfuata. Mdogo wake ameweka rehani cherehani, na ndiyo inayowalisha watoto." Akainamisha kipara chake karibu. "Hata wewe Jumamosi si ulimfuata?"

"Mimi nilikuwa natania."

"Dau halitaniwi, mdogo wangu. Ukishalitaja halirudi. Na kwani una haraka gani? Wewe tembea polepole tu. Saa tisa ikifika bila mkoba, sote tumekula."

Hapo Inspekta alisimama kidogo. Haikuwa dhambi kubwa, kutembea polepole. Nani angejua? Ada ya shule ilikuwa inamsubiri nyumbani, na mkoba ungeweza kuonekana hata kesho. Akajiona kwenye kioo, kichwa kimesukwa safi kama cha bibi harusi, na macho ya mtu aliyekamatwa.

Alivuka barabara akikimbia.

Stoo ilikuwa chini ya ngazi. Masanduku ya waheshimiwa waliotangulia yalipangana ukutani, vumbi limeyalalia sawasawa kama blanketi. Moja tu, la mwisho kabisa nyuma, lilikuwa safi. Alilifungua. Picha ya watoto wawili wa Waziri ilikuwa imeviringishwa kwenye taulo isivunjike. Pembeni kulikuwa na miwani, dawa za miguu, na kandambili zimefutwa tope, zimefungwa uso kwa uso. Chini ya vyote ulilala mkoba, muhuri wake wa lakiri haujaguswa.

Saa nane na nusu, aliwakusanya wote ofisini kwa Waziri na kuweka sanduku juu ya meza.

"Mwizi huyu hakuutaka mkoba," alisema. "Hakuufungua. Alitaka usionekane mpaka saa tisa, Mheshimiwa aanguke na waliobashiri hivyo kule saluni wale. Lakini alifanya jambo ambalo Naibu asingelifanya, wala Dereva. Alimfungashia. Mtu aliyezoea kuwafungashia wanaoanguka, mkono ulimtangulia. Mama, ulimfungashia mtu ambaye bado hajaanguka."

Mama Mhazili alitua sinia kwanza, vizuri, asimwage. Kisha akakaa.

"Ijumaa nilimsikia akiongea na simu," alisema. "Anacheka. Anamwambia mkewe, wameniambia nabaki. Anabaki! Na mimi nimeshasema anaondoka, na watu wameweka. Mdogo wangu ameweka cherehani kwa neno langu. Nikamwona anavyoshona kwa mkono." Akajifuta macho kwa upande wa kanga. "Nikauchukua mkoba. Halafu nikaona picha ya watoto. Nikasema, Mungu wangu, ataisahau, wote husahau, na kesho mgeni atakuja kuitupa."

"Mama," Waziri alisema, sauti imemshuka, "tangu nimeingia hapa chai yangu unapika wewe."

"Ndiyo maana, Mheshimiwa. Sikutaka ufungashiwe na mtu mwingine."

Waziri akamgeukia Inspekta. "Na wewe habari za saluni umezijuaje upesi hivyo?"

Dereva akatazama viatu vyake. Naibu akatazama dari, akitabasamu. Inspekta angeweza kusema ana watu wake mitaani. Polisi wote husema hivyo.

"Na mimi nimeweka, Mheshimiwa," alisema. "Kwako. Kwamba unaanguka."

Waziri alifunga kifungo cha koti. "Kumbe niliyemwita aje anishike mkono," alisema, "ananingojea chini." Akachukua mkoba, akaenda Barazani.

Jioni, Mama Mhazili alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, Inspekta anaandika maelezo, redio ya kaunta ikisoma taarifa. Mkuu wa nchi alikuwa ametengua uteuzi wa waziri mmoja. Akatajwa. Ndiye yeye yule, aliyeingia Barazani na makabrasha yake yote kamili.

Kalamu ikasimama. Simu ya Inspekta ikaita, akapokea; ndani yake Kipara alikuwa akipiga vigelegele, na nyuma yake saluni nzima.

"Basi angeanguka tu," Mama alisema polepole. "Ningekaa kimya tu." Akainua uso, na hakukuwa na kejeli ndani yake, jambo lililouma zaidi. "Kachukue, mwanangu. Angalau mmoja wetu ameshinda bila kuiba."

Inspekta akakata simu. Akavuta karatasi ya pili, akajiandikia maelezo yake mwenyewe, kuanzia Jumamosi kwenye kiti cha Kipara, akatia sahihi na kuyaweka juu ya meza ya mkuu wake. Kisha akaenda wizarani, akalichukua lile sanduku.

Waziri alifungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, peku, miguu imevimba kama mikate. Alilitazama sanduku, akamtazama aliyelibeba.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda, Mheshimiwa."

Akatoa kandambili, akazitupa chini na kuzivaa palepale kizingitini. Akapokea sanduku. Hakusema asante, na mlango aliufunga taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto.