Chokaa Katika Maji ya Bahari

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Machi 1967. Siku hiyo povu lilikufa katika tangi la Josiah.

Josiah alikuwa mtu wa Busibwabo, amefiwa na mkewe. Alifanya kazi katika banda la kupimia mawe ya shaba, karibu na stesheni ya Malaba. Mawe yalisagwa yakawa unga. Unga ukatiwa kwenye tangi la maji yenye dawa, hewa ikapulizwa kutoka chini. Shaba ilinata kwenye povu ikapanda nalo. Mchanga ukabaki chini.

Miaka minne walitumia maji ya mto. Sasa wakubwa walitaka kujenga kiwanda pwani, basi mapipa ya maji ya bahari yakaletwa kwa treni, yajaribiwe. Nyapara wa kiwanda hicho angetajwa Ijumaa. Josiah aliutaka unyapara huo mpaka usingizi ukampaa.

Lakini kulikuwa na Bashir wa Busia mjini, mwezi mmoja tu kazini. Povu lake lilikuwa zito, jeusi kwa shaba. Hata Roselyn, bintiye Josiah, alipoleta chakula alisimama kulitazama.

"Baba, la Bashir limenona! Lako mbona kama maji ya kufulia?"

Wivu ulimshika Josiah. Akaongeza chokaa, inayofanya dawa ishike shaba vizuri. Alipima kama siku zote: unatia vidole majini, yakiteleza kama sabuni, imetosha. Lakini maji ya bahari yalikataa kuteleza. Akatia kopo, na kopo jingine, mpaka la saba. Maji yakawa meupe. Povu likafa, shaba ikazama.

"Mzee, leo umepika uji?" Bashir akacheka.

"Niondokee! Kipenzi cha wakubwa wewe."

"Usikasirike, mzee. Bahari haina chumvi ya mboga peke yake. Kuna nyingine, inaitwa magnesiamu. Hiyo inakula chokaa yako, ndiyo maana vidole havitelezi. Ukizidisha, inakuwa ute mweupe, unafunika shaba. Povu litaishikaje?"

Josiah akaweka kopo chini. "Sasa nifanyeje?"

"Tia kidogo kidogo, halafu chovya karatasi hii ya kupimia ukali wa chokaa. Ikianza kuwa kijani, acha. Usingoje iwe buluu. Mafuta ya kutengeneza povu pia punguza. Chumvi yenyewe inafanya mapovu yawe madogo, yasipasuke ovyo."

"Karatasi umetoa wapi?"

"Kabatini kwa msimamizi. Alinipa siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza!"

Ilimuuma kufundishwa na mtu yule, tena mbele ya binti yake. Lakini Alhamisi alifuata. Kopo moja na nusu, basi. Povu likapanda jeusi, likamwagika ukingoni. Walipopima, shaba yake ilikuwa imepita ya Bashir.

Ijumaa msimamizi, Bwana Osukuku, alisoma jina la nyapara: Bashir.

Josiah akainua mkono. Vidole vilikuwa vimebabuka.

"Bwana, mimi sigombani na Bashir, amenifundisha. Lakini miaka minne natia vidole kwenye chokaa, na karatasi ziko kabatini kwako. Yeye ulimpa siku ya kwanza. Mimi ulininyima kwa nini?"

Osukuku alifunga daftari lake. Banda zima lilikuwa linamtazama.