Mgomba Waliomzikia Aidan

Jumamosi ile jua lilikuwa zuri, na Verediana, binti wa jirani yetu wa Lizaboni, alikuwa kazini kwake kando ya Ruvuma. Pale chini ya daraja jipya pana gati la boti, choo cha abiria na banda la majaketi ya kuokolea. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani: anayepanda boti anapewa jaketi, anayeshuka analirudisha mkononi mwake. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na mtoto alikuwa akicheza tumboni tangu asubuhi.

Alikuwa mjane wa wiki tatu. Mumewe Aidan, nahodha, alitupwa majini boti yake ilipogonga nguzo ya daraja. Abiria wote walipona, yeye hakuonekana. Walimtafuta siku tisa, hadi wazamiaji wakakata tamaa. Basi ndugu wakafanya kama wazee wanavyofanya aliyemezwa na maji asipopatikana: wakakata mgomba, wakauvisha shati lake, wakauzika kwa sala na machozi. Ni vigumu kulilia mgomba, lakini shati lilikuwa bado na harufu ya Aidan, na Verediana alilia mpaka sauti ikamkauka.

Saa tisa mchana mama mkwe wake, Lidwina, alishuka ngazi za gati akihema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Funga dirisha, twende nyumbani."

"Kuna nini?"

Lidwina alitazama maji kwanza, ndipo akanong'ona. "Ule mgomba. Baltazar kaniambia leo."

Baltazar ni kaka mkubwa wa marehemu, na ndiye aliyetumwa kuukata. Huku kwetu hata mtoto anajua kwamba mgomba wa kuzika ni ule uliokwisha kuzaa na mkungu wake ukaliwa. Lakini padri alikuwa anasubiri, na Baltazar na haraka zake akakata uliokuwa karibu. Ndani ya shina akakuta mkungu mchanga, haujachomoza bado. Akanyamaza. Siku zote hizo akanyamaza, mtu mzima na ndevu zake!

"Tumemzika mwanangu na mimba," alisema Lidwina. "Atakuja kumtaka mtoto wake. Kesho baada ya misa tunaufukua, tunaweka mwingine. Mpaka hapo, usipokee kitu chochote kinachotoka majini. Umenisikia?"

Verediana alitaka kucheka, akashindwa. Alishika tumbo lake kwa mikono miwili. Huyu mtoto ndiye pekee aliyeachiwa na Aidan. Lakini boti moja ilikuwa haijarudi, na banda halifungwi abiria wakiwa majini. Wakakubaliana waisubiri hiyo, kisha waondoke.

Boti ikaja na watu kumi na mmoja. Aliwaambia waweke majaketi kwenye benchi la nje. Walishangaa kidogo, wakayaweka, wakapanda ngazi kuelekea barabarani. Lidwina akaanza kuyakusanya. Verediana akainama kutafuta kufuli.

Mkono ukaingia dirishani na jaketi.

Mkono uliozoea kupokea hauulizi. Alipokea.

Lilikuwa limelowa chepechepe. Yale mengine yote yalikuwa makavu.

Akainua macho. Aliona mkono tu, hadi kwenye kiwiko. Umekwajuka. Umevimba. Kidole cha shahada hakikuwa na kucha. Kamba ya nanga iliing'oa mwaka wa harusi yao. Ule mkono ukamshika kiganja, polepole, kama anayesalimia.

"Umenitunzia vizuri," sauti ilinong'ona.

Mtoto akageuka tumboni. Mara moja. Kwa nguvu. Kisha kimya.

Mkono ukamwachia. Lidwina alikuwa hatua nne tu kutoka pale, na hakuona mtu. Alichoona ni gauni la mkwewe likilegea mbele na kushuka.

Hapakuwa na damu wala uchungu. Hospitalini mjini daktari alipima mara tatu huku kashika kadi ya kliniki, ambayo wiki moja nyuma ilikuwa imeandikwa mapigo ya moyo wa mtoto. Tumboni hapakuwa na kitu, na mwili haukuonyesha dalili yoyote ya kuzaa. Baltazar aliufukua mgomba kesho yake akilia kwa kwikwi. Ilisaidia nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

Verediana sasa anaishi na dada yake Fausta, huku Lizaboni. Kila asubuhi maziwa yanamjaa mpaka yanamuuma. Hakamui, wala hana wa kumnyonyesha, lakini ikifika jioni yamekwisha. Juzi Fausta alikuwa akimsaidia kuoga. Kuzunguka chuchu zote mbili aliona alama za fizi, ndogo, nyekundu, mbichi kabisa, na punje za mchanga wa mtoni.