Sikukuu Yetu ya Mapema

"Huyu binti anatosha, ana mgongo wa kazi. Akifika tu, bosi ananipa pasipoti yangu, naondoka zangu!"

Jamani... maneno hayo yalitoka kwenye simu yangu mwenyewe. Na binti anayesemwa ni wangu, alikuwa mbele yangu anakata keki!

Ngoja niwaeleze. Mimi shule niliishia msingi, nikikosea mnisamehe. Ila wenye mabinti msiishie njiani.

Zamani nilikuwa napiga pasi kwa dobi na mashoga zangu wawili, Kicheko na Mnene. Wakapata kazi za ndani nchi ya mbali, nyumba moja. Tangu hapo sikukuu tunaila wiki moja kabla, kwa simu ya video. Siku yenyewe bosi ana wageni, wao jikoni tu.

Naegemeza simu kwenye kopo la sukari, watoto wanavaa nguo mpya, tunakula huku tunaonana. Raha!

Mwaka huo Kicheko akasema:

"Binti yetu kawa mkubwa! Hebu geuka tuone gauni."

Akageuka.

"Nyanyua hiyo sufuria, tuone kama mama yako anakulisha!"

Akanyanyua. Tulicheka mpaka machozi.

"Mlete huku shoga, kazi nimeshampatia."

"Hata kesho!" nikajibu. Mimi huyo!

Mara soda ikamwagika. Nikaifunika simu kwa kitambaa isilowe. Wao wakaona giza, wakadhani mtandao umekata...

Ndipo nikamsikia Kicheko akisema hayo ya mgongo.

Mnene akauliza, "Na wakimpiga kama wanavyokupiga wewe?"

"Atazoea. Mimi sikuzoea?"

Akacheka. Kicheko kile kile nilichokipenda!

Nikafunua simu.

"Kicheko, huyu si ulimbeba mgongoni?"

Akasema polepole:

"Na mimi nani atanitoa? Wewe?"

Akakata.

Nikakimbilia kwa jirani yangu msusi. Kicheko anamjua, na msusi huyo ana mabinti wawili. Nikamsimulia yote.

"Wivu huo! Wako umemficha uvunguni, sasa unataka na wangu akose?"

Binti yake mkubwa akasafiri, kwa bosi yule yule wa Kicheko! Haukupita muda, Kicheko karudi. Anapita mtaani na miwani ya jua, tukikutana anavuka barabara.

Leo mchana msusi kaniita kwa mbwembwe:

"Njoo uone aibu yako! Mwanangu anasherehekea sikukuu mapema na sisi, kwenye simu!"

Mapema?

Nikaenda. Yule binti mkubwa kwenye kioo cha simu kajipaka poda nzito, shavu moja tu. Mdomo unatabasamu, macho hayamo.

"Mama, mdogo wangu kawa mkubwa eeh?"

"Huyu hapa, mwanangu!"

"Mwambie ageuke nione gauni."

Mtoto akageuka.

"Sasa anyanyue sufuria..."

Sikungoja! Nilimshika mkono yule mdogo tukatoka mbio, peku peku, mpaka kwangu. Nikapiga komeo.

Ninavyoandika hapa yuko chumbani na binti yangu. Mama yake yuko mlangoni na simu mkononi, ananiita mchawi, mwizi wa watoto.

Nikapaza sauti, "Muulize mwanao shavu limefanya nini!"

Akauliza. Nikasikia kilio kutoka kwenye simu:

"Mama, mlete tu! Wasipompata yeye sitoki hai humu!"

Matusi yakakatika. Nikashukuru, nikajua shoga kafunguka macho.

Mara hodi. Ya taratibu, ya mtu mwenye adabu.

"Shoga... nifungulie. Huyu mdogo ana nguvu kuliko dada yake. Ataweza."

Jamani! Ndiye mama mzazi huyo!

Mdogo mtu kasikia. Kaniangalia, kajifunika shuka mpaka kichwani.

Sifungui. Nimeshampigia mjumbe wa mtaa, nimempigia na mjomba wa huyu mdogo. Mpaka wafike, mgongo wangu uko kwenye huu mlango.

Mzazi mwenzangu, aliye mbali akikuletea sikukuu kabla ya siku yake, kula naye, cheka naye. Akisema mtoto ageuke, funika simu. Kisha usikilize.